Masizi kwenye Jante za Bisimwa

Kule Kasongo wanasema mimi ndiye niliyemkata Euphrasie mguu. Wanawake tulioimba nao kwaya moja walilisema hilo kwenye foleni ya maji, na nikipita walipunguza sauti kidogo tu, ili nijue kwamba anayesemwa ni mimi. Sikumkata mtu. Lakini nilijua kwamba mtu ataumia, na nilisema, na namna nilivyosema ndiyo iliyoniharibia maisha.

Jina langu ni Marguerite. Nilizaliwa Lusangi, mtoto wa nne wa Léon, dereva wa kampuni ya pamba. Kampuni ilipokufa, malori yake yalikufa nayo, na baba akabaki na sanduku la vyuma na ufundi usio na mshahara. Kaka zangu walipelekwa shule ya misheni. Mimi nilibaki nyumbani kumshikia baba vyuma, maana mama alikuwa mgonjwa na shule ilionekana ni ya wanaume. Kusoma sikusoma. Hata leo barua ninasomewa.

Ila magurudumu nayajua. Baba alikuwa akisema injini ikifa, motokari inasimama na watu wanashuka wenyewe. Gurudumu likichomoka, watu wanashushwa. Alinifundisha kuiangalia jante, kile chuma kinachobeba pine, tairi lenyewe. Wengi hapa kwetu wakitaka jante wanahesabu matundu. Motokari ina bulo tano, zile parafujo za kitovu cha gurudumu, jante ina matundu matano, basi, funga twende. Baba alinionyesha kwamba matundu matano si kitu. Yanaweza kuwa matano na duara lake likawa dogo kuliko duara la bulo kwa unene wa ukucha. Tundu kubwa la katikati linaweza kuwa pana mno, jante ikakosa pa kukaa, ikabaki inaning'inia kwenye bulo peke yake. Na jante inaweza kutoka nje mno au kuingia ndani mno, pine likasuguana na bati. Jante yake motokari, alisema, inaingia kwa mkono, kama sahani juu ya sahani. Ikibidi uivute kwa ufunguo wa kukazia, hiyo ni ya motokari nyingine.

Baba alipima kwa macho. Mimi niliongeza masizi. Nilikuwa nasugua sufuria nikaona kifuniko kimeacha alama upande mmoja tu wa mdomo wake, kwa sababu kilikuwa kimepinda. Nikachanganya masizi na mafuta kidogo ya mawese, nikayapaka kwenye kila tundu la jante, pale ekru, nati ya kukazia, inapokaa. Nikaifunga jante, nikakaza, nikaifungua. Ekru ikikaa vizuri inafuta masizi pande zote, unaona pete safi. Isipokaa vizuri inafuta upande mmoja, na upande wa pili unabaki mweusi. Baba alitazama kazi hiyo, kisha akaniambia nisimwonyeshe mtu, nisije nikaibiwa. Nilimwonyesha mtu mmoja tu. Nilimwonyesha mume wangu.

Grégoire aliponioa alikuwa na garaji ndogo Kasongo, nyuma ya barabara ya soko. Injini aliisikia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Magurudumu hakuyaweza. Mwaka wa kwanza wa ndoa alifunga jante isiyofaa kwenye jipu ya mgeni mmoja, nami nikasema pale pale, mbele ya mgeni, kwamba hiyo si yake. Jante ikaondolewa, na Grégoire hakunisemesha wiki nzima. Mama yake akaniita jikoni.

"Mwanangu, kwetu mwanamuke hasahihishi bwana yake mbele ya mugeni. Umemuvua nguo."

"Mama, motokari ingeanguka."

"Ingeanguka, ndiyo. Basi wewe uko na mikono. Pika chai. Ukiona kitu iko muzuri, mupelekee kikombe na sahani juu yake. Ukiona ni mubaya, mupelekee kikombe wazi. Yeye ataelewa, na mugeni atakunywa chai."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka ishirini na miwili. Wateja waliacha jante zao uani, Grégoire akawapeleka kuangalia injini au kuketi barazani, nami nikapaka masizi yangu, nikafunga, nikafungua, nikanawa mikono, nikapika chai. Kikombe kilichofunikwa, zinafaa. Kikombe wazi, hazifai. Watu walisema Grégoire ana jicho la magurudumu. Walikuja kutoka Kabambare, walikuja kutoka Salamabila kwenye dhahabu. Alimlipa mchoraji akamchorea gurudumu kubwa kwenye ukuta wa mbele, na jina lake chini. Mimi nililifuta vumbi kila Jumamosi.

Sasa nifike kwa Bisimwa.

Bisimwa ni mtu wa Bukavu aliyekuja Salamabila kununua dhahabu, na dhahabu ilimkubali. Kasongo palikuwa na motokari ya zamani ya Kiamerika, nyeusi, ndefu, yenye milango miwili na injini ya pistoni nane. Ililetwa enzi za Zaire, ikashushwa kwenye treni kule Samba na kuvushwa mto wa Lualaba. Mwenyewe alipokufa, iliwekwa juu ya mawe chini ya paa la majani, na jante zake zikaoza. Bisimwa aliinunua kwa sababu dada yake Euphrasie alikuwa anaolewa na mwalimu wa hapa mjini, naye alitaka dada yake atoke kanisani ndani ya kitu ambacho Kasongo yote itakisikia kabla ya kukiona.

Grégoire aliifufua injini. Siku ile ilipowaka mara ya kwanza kuku walipanda juu ya nyumba. Ikabaki kazi ya jante, na hiyo ilikuwa yangu.

Nyuma ya ghala la mpunga palikuwa na pikapu ndogo ya Kiamerika iliyokufa zamani. Nilimwambia Grégoire azilete jante zake nne, za chuma, zenye kutu. Nilizisugua kwa mchanga na kupaka masizi. Ziliingia kwa mkono. Tundu la katikati lilishika kabisa, ukucha haukupita, na nilipofungua nikaona pete tano safi kwenye kila moja. Pine hazikugusa bati hata usukani ulipogeuzwa mpaka mwisho. Kazi ilikuwa imekwisha.

Halafu Bisimwa akaja na zake. Alikuwa ameziagiza kutoka Bujumbura, jante nne za aluminyumu zilizotoka kwenye motokari ya Kijerumani, pana, zinang'aa kama sahani za padri. Alizipanga uani moja moja, kama mtu anayepanga mahari. Kisha akaigusa kwa ncha ya kiatu moja ya zile za chuma.

"Fundi, dada yangu aingie ndoa na vyungu vya fufu?"

"Hizi za chuma iko na nguvu, patron," Grégoire akasema.

"Nguvu tuwaachie malori. Mimi niko nataka watu waone. Angalia, matundu ni matano. Bulo ni ngapi?"

"Tano."

"Basi hesabu imekubali."

Grégoire akacheka, akamwambia waende barazani wapumzike wakati zinaangaliwa. Nikatoka jikoni na kopo langu la masizi. Jante ile haikuingia kwa mkono. Niliisukuma, ikafika nusu ikakwama, nikaivuta kwa ekru mpaka ikalala. Nilipoingiza ukucha kati ya jante na kitovu, uliingia ukazunguka. Nikafungua. Masizi yalikuwa yamefutika upande wa nje tu wa kila tundu. Upande wa ndani yalikuwa meusi vilevile nilivyoyapaka. Nilijaribu ya pili. Hivyo hivyo. Duara la matundu lilikuwa dogo kuliko duara la bulo, kwa kiasi ambacho hata rula ingekudanganya. Motokari ingetembea, ndiyo. Ekru zingekuwa zimeuma chuma laini kwa upande mmoja, na kila shimo la barabara lingezilegeza.

Nikanawa. Nikapika chai. Nikapeleka vikombe viwili kwenye sinia, cha Bisimwa na cha mume wangu, na cha mume wangu kilikuwa wazi.

Grégoire alikitazama. Akaendelea kukitazama.

"Fundi, unatafuta inzi?" Bisimwa akasema. "Zinaingia ao haziingie? Kama ni mugumu kwako useme, kule sokoni iko fundi mwingine, hana gurudumu kwenye ukuta lakini ana mikono."

Mume wangu akakichukua kikombe, akanywa yote.

"Zinaingia, patron."

Nilikuwa nimesimama pale, sinia mkononi. Bisimwa aliniangalia usoni, mtu mpole kwa kweli, akatabasamu. "Chai tamu, mama. Aksanti."

Nikasema, "Karibu."

Hilo ndilo neno nililosema. Nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

Jikoni nilimuuliza Grégoire kama alikiona kikombe.

"Nilikiona."

"Basi?"

"Tutakaza na mpini murefu. Ni ya siku moja, Marguerite. Kanisa, kuzunguka mji, basi. Kesho yake tunafunga zile za chuma."

"Gurudumu linajua siku?"

"Ule mutu ataleta motokari zote za Salamabila kwangu. Nimwambie nini? Nimwambie bibi yangu amekataa?"

Nilinyamaza. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa nimekwisha kusema kwa njia niliyopewa.

Siku ya arusi niliimba. Euphrasie alitoka kanisani mkono wa mume wake, msichana mwembamba mwenye kucheka na macho, akainua gauni na kuingia mbele, karibu na kaka yake aliyekuwa akiendesha. Mwalimu akakaa nyuma. Jante ziling'aa kweli. Bisimwa akaivumisha injini mpaka wazee wakaziba masikio wakicheka. Nikasikia sauti inazunguka mji, inaenda, inarudi, inaenda tena, kisha inashuka kwenye mteremko wa kuelekea njia ya mto.

Waliokuwa pale walisema gurudumu la mbele kulia lilitoka peke yake na kuipita motokari, likikimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na watu wakacheka kwanza, maana hawakuelewa walichokiona. Motokari ikajikunja, ikaingia mtaroni kwa upande wa bibi arusi. Mlango ukaubana mguu wake wa kulia. Siku ya tatu hospitali wakaukata chini ya goti.

Shefu wa mtaa wetu, Ayoubu, aliita kikao ofisini kwake ili mambo yasifike mbali. Alikuwepo Bisimwa na wazee wa upande wa mwalimu. Alikuwepo Grégoire na wajomba zake wawili. Upande wangu alikuwepo kaka yangu Élysée, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Lusangi. Mimi niliketi kwenye benchi karibu na mlango, kama mtu aliyeleta maji.

Bisimwa aliuliza swali moja. "Papa Grégoire, ulisema zinaingia. Ulipima?"

Grégoire hakunitazama. Akasema, "Mimi naangaliaka injini. Magurudumu anapimaka bibi yangu."

Watu wakacheka kidogo. Mjomba mmoja akasema, "Huyu? Hata jina lake hajui kuandika."

"Ni yeye," Grégoire akasema. "Miaka yote ni yeye."

Ayoubu akageuka. "Mama, ni kweli?"

Ningeweza kukana. Élysée aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiniombea nikane. Kama ningesema hapana, mimi ni mke tu, napika chai, basi kesi ilikuwa ya Grégoire peke yake, na mimi ningerudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimelisubiri neno lile miaka ishirini na miwili, mtu aseme mbele ya watu kwamba ni mimi. Lilikuja siku mbaya, kwa mdomo wa mwoga, na bado moyo wangu ulisimama kulipokea.

"Ni kweli," nikasema.

"Uonyeshe."

Walizileta. Jante moja ya Bisimwa, jante moja ya chuma, na kitovu cha motokari chenye bulo zake. Nikaomba sufuria kwa mke wa shefu, nikakwangua masizi, nikaomba mawese. Nikafanya mbele yao yale niliyokuwa nafanya nyuma ya nyumba. Nikawaonyesha pete tano safi kwenye ile ya chuma. Nikawaonyesha weusi uliobaki kwenye ile inayong'aa, nikaingiza ukucha wangu, nikamwambia Ayoubu aingize wake. Mjomba aliyecheka aliinama kutazama, akasema, "Kumbe." Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilikuwa fundi.

Halafu Bisimwa akasema polepole, "Basi ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile uliniletea chai. Nilikuangalia kwa macho. Nilikuambia aksanti. Mbona hukusema?"

"Nilimwambia mume wangu."

"Ulimwambia na maneno gani?"

"Sikumwambia kwa maneno." Niliona ninapokwenda na sikuwa na njia nyingine. "Nilimwambia na kikombe."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote, hata wazee wa mwalimu waliokuja na huzuni. Nikawaeleza kikombe wazi na kikombe kilichofunikwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka. Mama mkwe aliyenifundisha alikuwa amekwisha kufa. Nikamtazama Grégoire aseme kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwamba alikiona, kwamba jikoni aliniambia ni ya siku moja. Akasema, "Mimi nilikunywa chai. Chai ni chai."

Ayoubu alikata hivi: mume aliamini jicho la mke wake; mke aliona hatari, akapeleka kikombe mahali pa kupeleka neno. Kosa ni la aliyejua. Kama ningekuwa sijui kitu, ningekuwa huru. Nilijitia kamba kwa mikono yangu, kwa masizi yangu, na wote walikubali kwamba nilipima vizuri.

Mbuzi wa kuombea msamaha walitoka kwa Élysée, maana wajomba wa Grégoire walisema kosa la mwanamke hulipwa na kwao. Nilienda mwenyewe kwa Euphrasie. Alikuwa ameketi kitandani, nyumbani kwa kaka yake, blanketi limelala bapa mahali ambapo mguu ungekuwa. Mwalimu alikuwa bado hajamchukua kwake, na ilikwisha kueleweka kwamba hatamchukua. Nilipiga magoti. Aliniuliza kitu kimoja.

"Mama, siku ile ungemwambia kaka yangu, angekusikia?"

"Sijui. Angeweza kunicheka."

"Lakini angekuwa amesikia."

"Ndiyo."

"Basi simama," akasema. "Magoti yako hayanisaidii."

Grégoire alinirudisha Lusangi kabla ya mvua. Wajomba zake walisema nyumba haiwezi kukaa na mtu mwenye damu ya watu mlangoni. Nilitoka na sufuria mbili na nguo zangu. Ninalala kwenye chumba cha uani cha Élysée, nalima mpunga wa mke wake, na mke wake, Benita, anahesabu mbuzi wasiopo kila mara zizi linapofunguliwa. Haniambii mimi. Anaiambia milango.

Miezi ikapita, na siku moja mchana akafika mtu wa pikipiki, amefunga gunia nyuma. Ndani yake palikuwa na jante.

"Papa Grégoire anakusalimia," akasema. "Anasema uiangalie, kisha unitume na neno moja, ndiyo ao hapana. Mwenye motokari asijue."

"Ni ya motokari gani?"

"Ya Iliasi, ule wa basi dogo. Anapelekaka watu wa soko, Kasongo mpaka Kabambare."

Haikuhitaji masizi. Nilipitisha kidole kwenye matundu nikahisi meno ya tupa. Mtu alikuwa ameyapanua ili yafikie bulo, na mawili yalikuwa yameliwa mpaka yakawa kama yai. Nikaibeba jante, nikaiingiza chumbani kwangu, nikafunga mlango.

"Mama, ni ya watu hiyo."

"Najua. Mwambie Iliasi aifuate mwenyewe. Nitamwambia yeye."

"Ni mbali."

"Njia ninaijua. Nimekuja nayo."

Alibishana, akanitisha kwa jina la Grégoire, akaomba, mwisho akaondoka bila jante. Benita akaniuliza kama, baada ya mbuzi, nataka kumalizia na kuku. Siku mbili nilikaa karibu na mlango ule.

Siku ya tatu Iliasi akaja, mwanamume mnene mwenye vumbi mpaka kwenye kope, amekasirika tangu barabarani. Nikaitoa jante, nikaiweka miguuni pake. Sikupika chai. Nikamwambia nikimtazama usoni: matundu yamepanuliwa kwa tupa, mawili yameharibika, hii itatoka ikiwa imebeba watu, na fundi aliyeituma kwangu mwenyewe ana wasiwasi nayo.

Aliniangalia sana. "Wewe ndiye ule mwanamuke wa muguu?"

"Ni mimi."

"Na unataka nikuamini wewe?"

"Weka kidole ndani."

Hakuweka. Alisema jante nyingine hana, kwamba siku ya soko ni kesho kutwa, kwamba wanawake waliofukuzwa wana maneno mengi. Akainama, akaiinua jante, akaifunga nyuma ya pikipiki iliyomleta. Nikamfuata mpaka barabarani. Benita alitoka, majirani wakatoka, nami nikasema tena kwa sauti yote niliyo nayo, mbele yao wote na mbele ya mgeni wangu Iliasi, kwamba jante ile ni mbovu na asimpandishe mtu. Pikipiki ikaondoka. Nikasema mara ya tatu kwa mgongo wake, na nikasimama pale barabarani mpaka Élysée alipokuja kunishika mkono.